Namna ya Kuimaliza Tanzania Bila Kuiona

Kabla ya yote, funga ramani. Ramani haimtakii mema msafiri. Itakuonyesha nchi yenye takribani kilomita za mraba 945,000, ambayo ukiziweka Ujerumani, Uingereza na Italia ndani yake bado kutabaki mahali pa kunyooshea miguu. Itakuonyesha bahari, maziwa makuu matatu, mlima wenye theluji na mwingine wenye moto, halafu itakukumbusha kwamba humo ndani wanaishi watu wa makabila zaidi ya 120. Mtu mwenye likizo ya siku ishirini na nane, ambaye nusu ya siku hizo keshamwahidi shemeji kwamba atamsimamia fundi, akiitazama ramani hiyo ataamua kubaki nyumbani aangalie mpira.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake. Humu atajifunza kuimaliza nchi mkoa kwa mkoa na kurudi salama, akiwa hajaona kitu. Ni ujuzi ambao wengi wetu tunao, ila hakuna aliyejisumbua kuuandika.

Tuanze na wakala wa safari. Wageni wana makampuni ya Arusha, yenye magari ya kufunguka paa na watu wanaojua majina ya ndege. Sisi tuna misiba. Hakuna taasisi iliyowasafirisha Watanzania wengi, na mbali, kuliko msiba, na inashangaza kwamba hadi leo haijapewa hata cheti cha kuchangia utalii wa ndani. Mgeni huchagua aendako kwa kutazama picha. Wewe huchagui; marehemu ndiye anayekuchagulia. Simu inaita saa kumi alfajiri. Saa mbili asubuhi umeshaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp lenye jina la babu mdogo, saa sita mchango wako umeshaorodheshwa mbele ya ukoo mzima, na jioni uko ndani ya Coaster ya kukodi, magoti kifuani, safari ya Ngara. Mnafika usiku wa siku ya pili. Mnazika, mnakula, wazee wanaongea, tanga linaanuliwa, mnageuza.

Ngara umeshafika. Hakuna atakayekunyang'anya hilo. Ulichokiona huko ni turubai, viti vya plastiki na masufuria ya kukodi, vyote vya aina ileile uliyoiacha Tandika. Maporomoko ya Rusumo, pale Mto Kagera unapojitupa mpakani mwa Rwanda, yamo katika wilaya hiyohiyo. Lakini ratiba ya mazishi huandaliwa na kamati, na kamati haikuona sababu ya kuyachomeka katikati ya "kuaga mwili" na "chakula".

Harusi nayo inasafirisha, ila kwa ubaguzi: inakupeleka mikoa ya mabinti walioolewa na rafiki zako tu. Faida yake ni kwamba ukumbi wa harusi wa Mwanza, Mbeya au Tanga umepambwa kwa vitambaa vilevile, taa zilezile za zambarau, na mshereheshaji ambaye utaapa ulimwona Tegeta wiki iliyopita. Unaweza kuzimaliza kanda zote za nchi hii ukiwa ndani ya ukumbi mmoja mrefu usio na madirisha.

Desemba ina utaratibu wake. Huo ndio mwezi ambao Wachaga wanarudi kwao, kuhesabiwa kama watani wanavyosema, na Dar es Salaam inabaki na sisi tusiohesabika. Ukipata mwaliko, nenda. Utakaa kwenye foleni ya Chalinze, utavuka Segera, na kuanzia Mombo utasindikizwa mkono wa kulia na safu ya Usambara, halafu ya Pare, karibu mpaka Moshi. Usiulize kuna nini juu ya milima hiyo. Wapo waliouliza. Mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao kijimmea chenye maua ya zambarau alichokikuta Usambara, na leo mimea ya ukoo huo imo vyunguni kwenye madirisha ya vikongwe wa nusu ya Ulaya. Ndiyo yanayotokea mtu akishuka garini. Wewe endelea mpaka mgombani, unywe mbege, ule kisusio, uhesabiwe kama umealikwa kuhesabiwa, na tarehe mbili Januari uwe kwenye foleni ya kurudi.

Sasa tuzungumzie basi, maana hapo ndipo kazi kubwa ya kutoiona nchi inapofanyika.

Kata tiketi mapema upate siti ya dirishani, kisha funga pazia. Wanaokaa upande wa njia hawaelewi raha hii: kuwa na dirisha na kulikataa. Mbele kuna televisheni, na ndani ya televisheni kuna watu wanaofukuzana juu ya mapaa ya Hong Kong huku sauti ya kijana wa mtaani ikieleza kwa Kiswahili kila ngumi inayotua. Kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kutembea usiku, na abiria wakawa hawana njia ila kusafiri na mwanga. Mwaka 2023 yakaruhusiwa tena, kikwazo hicho kikaondoka. Sasa unaweza kutoka Mbezi jioni na kuamshwa Mbeya asubuhi, zaidi ya kilomita 800 zikiwa zimepita bila kukusumbua.

Ukishindwa kupata basi la usiku, jihadhari na Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na ndani ya kipande hicho twiga, pundamila, nyati, na siku nyingine tembo, hujisogeza barabarani bila kumdai mtu kiingilio. Mzungu ameuza gari lake kwao ili aje kuona hicho. Dereva wako atapunguza mwendo, si kwa ajili yako, bali kwa sababu ya matuta, na kwa sababu ya lile bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, mmoja mmoja na thamani yake, kama bei za buchani. Huo ndio wakati wa kujibu ujumbe wa kazini. Ukisikia jirani anasema "Tembo hao!", sema "Enhee" bila kuinua kichwa. Baada ya hapo kuna Bonde la Mibuyu, na baada ya mibuyu kuna mlima wa Kitonga, ambako hata mwandishi wa mwongozo huu hana la kukushauri. Watu wote hufumba macho Kitonga, na wengine husali.

Ardhi yenyewe utaigusa mara chache, konda atakapotangaza kuchimba dawa: wanaume huku, kina mama kule, dakika tano. Unaweza kujikuta umesimama chini ya mbuyu uliokuwepo kabla misafara ya Wanyamwezi haijaanza kupita njia hizo na pembe za ndovu mabegani kuelekea Bagamoyo. Usiukague. Una shughuli nyingine, na dakika zinakwenda.

Jiografia utajifunza kupitia dirishani, kutoka kwa wachuuzi wanaokimbia na beseni kichwani. Machungwa: hapo ni Muheza. Nyanya na vitunguu: Ilula. Zabibu: umeingia Dodoma. Mtu makini anaweza kuitambua nusu ya Tanzania kwa mazao yake bila kujua sura ya mtu hata mmoja aliyemuuzia, kwa sababu chenji ilikuwa ndiyo hoja na basi lilikuwa limeshaondoka.

Wenye haraka zaidi wanahudumiwa na treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inakwenda Dodoma kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Kwa kutoona, hakuna chombo bora. Milima ya Uluguru unapewa na kunyang'anywa papo hapo. Reli ya zamani, ile Wajerumani waliyoifikisha Kigoma mwaka 1914, ina kasoro kubwa ya kusimama. Inasimama stesheni ambazo hazina hata umeme, na kila inaposimama kuna mama mwenye kuku wa kukaanga, kuna asali kwenye madumu, kuna watoto wanaokupungia mkono mpaka na wewe unapunga. Mtu anafika Kigoma akiwa anajua Watanzania wangapi huamka usiku wa manane kuja kuitazama treni tu. Hayo si maisha.

Tumefika mbugani, na hapa nchi yetu imekurahisishia mno. Kwa Mtanzania kiingilio ni shilingi chache, mgeni analipa dola nyingi, na ndiyo maana heshima ya mahali ni kumwachia mwenye dola. Lakini ukitaka kuwaona wanyama watano wakubwa kwa bei nafuu zaidi, fungua pochi. Simba yuko kwenye noti ya shilingi 2,000, kifaru kwenye 5,000, tembo kwenye 10,000. Watatu hao umeshamaliza bila kutoka Kariakoo. Wamebaki chui na nyati.

Ukishikilia kwenda Serengeti kwenyewe, nenda na ziara ya ofisi. Mtavaa fulana za rangi moja zenye jina la taasisi mgongoni, mtaingia saa tano jua likiwa kali na wanyama wenye akili wakiwa kivulini, na mtafanya lile ambalo kila gari hufanya: kumtafuta simba. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763 na nyumbu zaidi ya milioni moja wanaozungusha maisha yao yote wakifuata mvua, lakini mtapita katikati ya nyumbu elfu kumi mkiulizana "Simba yuko wapi?" Hatimaye madereva wataambiana kwa redio, magari yatakusanyika, na mtamkuta simba dume mmoja amelala chali, amezungukwa na lenzi. Piga picha ya simu. Kwenye picha atatokea kama kichuguu, ila watu wa nyumbani ni waungwana, watakubali.

Jambo moja dogo kuhusu hoteli za humo. Mtanzania akiingia mapokezi akiwa na begi lake, huenda akapokelewa kwa tabasamu na kuulizwa, "Wageni wako wapo nyuma, kaka?" Atadhaniwa ni dereva. Usikasirike, na usijieleze sana. Yule dada wa mapokezi hajakutukana. Anasema tu alichozoea kukiona, na kosa la kutozoeleka ni letu wote. Tena mwitikie vizuri, maana madereva ndio wanaopewa chakula cha maana.

Kilimanjaro haina haja ya maelezo marefu. Mita 5,895, kilele kinaitwa Uhuru, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha huko bendera na Mwenge. Hiyo inatosha, mmoja wetu ameshafika. Wajibu uliobaki kwa Mtanzania si kuupanda mlima bali kuulinda mtandaoni. Kila Mkenya atakapodokeza kwamba unaonekana vizuri zaidi kutoka kwao, acha chakula, acha mtoto analia, ingia vitani. Ukiwa Moshi kwenyewe, saa sita mchana, utakuta umejifunika mawingu. Wenyeji watakwambia bila kugeuka, "Utatoka jioni." Wewe jioni uko safarini. Kuna chupa ya maji ya kunywa yenye picha yake.

Zanzibar ndipo panapotoa thamani kubwa ya muda, kwa sababu ni mahali pekee ambapo unaweza kumaliza mikoa miwili kwa mpigo. Pwani ya Nungwi, kwenye mchanga mweupe, utamkuta Mmasai na rubega lake, fimbo na shanga za kuuza, mamia ya kilomita kutoka ng'ombe wake wa karibu. Piga naye picha, bahari ikiwa nyuma. Umemaliza Unguja na umemaliza Arusha. Mmasai naye, ukimdadisi, atakueleza kuhusu bei ya chumba, kodi ya meza, ndugu aliyemfuata huku na mbuzi aliowanunulia wazazi kwa fedha za msimu uliopita, na hapo utakuwa umejipatia picha isiyo rahisi kuiandikia maelezo mafupi. Kwa hiyo usimdadisi.

Ninavyoona mimi, utofauti wa watu ndio unaowatoa jasho wageni wengi wa nchi hii, ilhali sisi tuliushughulikia zamani. Makabila zaidi ya 120 ni mengi kwa kichwa kimoja. Dawa yake ni kulipa kila kabila neno moja. Mchaga: pesa. Mhaya: Kiingereza. Mpare: kesi. Mhehe: hasira. Mzaramo: ngoma. Maneno haya unayo tangu utotoni, hayana gharama, na yakisemwa kwa kicheko yanaitwa utani, na utani ni jambo jema linalozika watu na kupatanisha koo. Tatizo huanza pale mwenye kabila anapofungua mdomo. Unaweza kukaa na Mpare akakueleza kwamba wahunzi wa Ugweno ndio waliowauzia majirani majembe na mikuki, na hakuna kesi hata moja katika habari hiyo. Unaweza kusoma kwamba huko Kagera mababu wa Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuri za joto kali zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, ukajiuliza: watu wanaosemwa kujisifia kila kitu, mbona hili wamelisahau?

Na kuna eneo la kukwepa kabisa, lile la kati ya Kondoa, Babati na Ziwa Eyasi. Humo, kwa mwendo wa basi wa siku moja, unawakuta Warangi ambao lugha yao ni ya Kibantu, Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wa jamii ya Kiniloti, na Wasandawe na Wahadzabe ambao kwenye maneno yao ulimi hugonga kaakaa na meno kwa namna ambayo koo la Mswahili halijawahi kufundishwa. Wataalamu wa lugha huvuka bahari kuja kukaa hapo miaka. Juu ya miamba ya Kolo kuna michoro ya watu na wanyama ya maelfu ya miaka, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kolo yenyewe iko kando ya barabara ya lami ya Dodoma kwenda Arusha. Basi halisimami.

Kwa anayetaka makabila bila vumbi, pale Kijitonyama kuna Kijiji cha Makumbusho, ambako zimejengwa nyumba za jadi za sehemu mbalimbali za nchi: ya msonge, ya tembe, kila moja na kuta zake. Maelfu ya watu hufika Makumbusho kila siku. Wanafika kubadilisha daladala. Na ukishuka Posta, ukatembea kidogo mpaka Mtaa wa Shaaban Robert, utafika Makumbusho ya Taifa, linakotunzwa fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliliokota Oldupai mwaka 1959, lenye umri wa karibu miaka milioni moja na robo tatu. Limekaa muda wote huo likisubiri. Hakuna haraka.

Kuhusu magofu, kanuni ni kwamba mawe hayakimbii. Kilwa Kisiwani, kwa mfano, ilikuwepo Ibn Battuta alipoitembelea mwaka 1331 na kuihesabu miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, na bado ipo: Msikiti Mkuu na kuba zake, kasri la Husuni Kubwa lenye bwawa la kuogea juu ya jabali linalotazama bahari. Ibn Battuta alitoka Morocco, tena bila lami. Kwa mtu wa Dar leo ni kushika barabara ya kusini, kuvuka Rufiji, kukata kushoto Nangurukuru, kuchukua kibali Kilwa Masoko na kupanda mashua. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, na mwaka 1944 tano kati ya hizo ziliokotwa kwenye kisiwa kilichoko kaskazini mwa Australia. Sarafu ya Kilwa imefika Australia. Mtanzania wa Temeke hajafika Kilwa. Ukiulizwa, sema unasubiri daraja.

Lindi nayo ina kivutio ambacho kila mkoa ungekililia: mjusi mkubwa wa kale, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wanakijiji mpaka bandarini. Akisimama anazidi mita 13 kwenda juu. Kwa kuwa anasimama Berlin, utaratibu wa kumwona ni kuomba viza. Hii ndiyo sehemu pekee ya ziara ya kusini inayohitaji taarifa ya benki.

Chakula kisikupe shida. Popote ulipo, agiza chipsi kuku. Kutoka Tunduma mpaka Tarime mafuta ni yale, kachumbari ni ile, na tumbo lako halitajua kwamba limehama mkoa. Kigoma watakuletea mgebuka uliopikwa kwa mawese. Sema daktari amekukataza. Iringa wakati wa mvua watakukaribisha ulanzi uliogemwa asubuhi hiyohiyo kwenye mianzi, sema umeokoka. Dodoma kuna mlenda na ugali wa uwele, Usukumani kuna michembe kwa chai, Bukoba msimu ukikubali kuna senene. Watu watakuuliza kwa upole, "Hata kuonja?" Tabasamu, uulize kama chipsi zinaweza kuongezwa yai.

Imebaki hatari moja ambayo wazoefu wanaiogopa kuliko ajali: kubaki siku moja zaidi.

Tuseme msiba ulikuwa Makete, kule juu Njombe, ambako Juni maji yanaganda kwenye ndoo. Wenzako wa Coaster wameondoka na wewe umechelewa, au umesinzia, au mjomba amekushika mkono tu. "Mjomba, nawahi basi." "Basi lipo. Na kesho lipo. Ulikuja kumzika dada yangu, sasa njoo uone alikokuwa anacheza." Hapo ndipo safari nzuri inapoharibika. Utafuata mgongo wa mzee mwenye koti zito na gumbuti kati ya mashamba ya viazi, atakuonyesha pareto na kukueleza bei yake enzi za ushirika, atanyoosha kidole kwenye uwanda wa Kitulo na kusema kule sasa ni hifadhi. Kama ni kati ya Desemba na Machi, uwanda huo utakuwa umefunikwa na maua kiasi cha kukukosesha pa kukanyaga. Watu wa huko huuita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa iliyotengwa kwa ajili ya maua kabla ya mnyama yeyote. Utadhani mzee atayasifia. Atakwambia kwamba vijana walikuwa wakiyachimba usiku, viazi vyake vya chini wakiviuza kwa wafanyabiashara wa Zambia, kwa sababu kule vinapikwa chakula. Kwamba yeye hakuwalaumu sana, ada za shule hazingoji. Na kwamba marehemu dada yake alikuwa akiyajua kwa majina yote, na majina mengine ameondoka nayo.

Hutakuwa na la kujibu. Jioni utakula kilichopikwa, kwa sababu hakuna chipsi. Usiku utalala chini ya mablanketi matatu ukimsikiliza binamu ambaye hukujua kwamba unaye, akikueleza lori la viazi linavyokwama masika. Asubuhi utaamkiwa kwa lugha ambayo mama yako alikuwa akiitumia kwenye simu tu, na utaijibu vibaya, na jiko zima litacheka, na utataka kuijibu tena. Mtu aliyefikia hatua hii hana tiba. Akirudi Dar atakuwa akisema "kule kwetu" katikati ya mazungumzo ya mpira, atakuwa akiulizia nauli bila mtu kufa. Familia nyingi zimempoteza mtu kwa namna hiyo. Kwa hiyo Coaster ikipiga honi, panda.

Ukishafika, zawadi. Kosa la wanagenzi ni kubeba zawadi kutoka huko zinakotoka, zivuje kwenye begi. Asali ya Tabora, korosho za Mtwara, mchele wa Kyela na dagaa wa Kigoma vyote vinapatikana mjini, na mtu mwenye mipango hununua akiwa ameshashuka basi, bei akiiongezea nauli wakati wa kusimulia.

Kusimulia kwenyewe kuna kanuni. Hali ya hewa kwanza, bei ya chakula pili, kisha nyamaza kama mtu aliyeona mengi. Njombe? Baridi, lakini viazi vya kumwaga. Bukoba? Mvua, ila ndizi unapewa bure. Dodoma? Upepo. Kigoma? Aa, mbali. Tanga? Tikisa kichwa useme, "Watu wa Tanga bwana," ambayo haina maana yoyote na hakuna aliyewahi kuipinga. Mikumi? Wanyama wapo wengi tu. Mtoto ndiye wa kuangalia, maana atakuja na maswali ya twiga: shingo yake ilikuwa inafika wapi, alikuwa anakula nini, alikutazama? Mpe simu acheze gemu.